Kibodi Imenyamaza, Kipanya Hakiendi: Usikimbilie Kufuta

Kompyuta imekwisha kuingia majumbani mwetu kama ilivyoingia cherehani na saa ya ukutani katika zama za wazee wetu. Imo madrasani, imo dukani, imo katika chumba cha kijana anayesoma. Na kila chombo kiingiacho nyumbani huja na maradhi yake. Katika maradhi ya kompyuta hapana yanayomfadhaisha mwenye nyumba kama haya mawili: kibodi kukataa kuandika, na kipanya kukataa kwenda. Maana kitu kingine chochote kikiharibika, mtu aweza kuiuliza kompyuta yenyewe ina nini; lakini hivi viwili vikinyamaza, hana mkono wala ulimi wa kuisemesha.

Nitaanza kwa kisa kilichonifika mimi mwenyewe, ijapokuwa hakinipambi.

Katika madrasa ninayosomesha ipo kompyuta moja ya mezani, si mpya, tuliyopewa na mtu mwema. Ndani yake yamo majina ya wanafunzi 140, hesabu ya ada zao za miaka sita, na mitihani yote niliyoitunga katika muda huo. Aliyekuwa akiandika ni kijana mmoja katika wanafunzi wangu wakubwa. Asubuhi moja niliingia nikakuta kibodi haiandiki. Nikabonyeza herufi hii, nikabonyeza ile, kimya. Kipanya chaenda, kioo chawaka, lakini herufi hazitoki. Pembeni mwa meza palikuwa na kikombe cha chai. Nikamwita yule kijana, nikamwambia mbele ya wenzake, "Umeimwagia chai." Akasema, "Sikumwaga, Maalim." Nikamwongezea maneno ambayo sitayaandika hapa. Akaenda zake, na kwa siku tatu hakuonekana darasani.

Nikamwita fundi. Akaitazama kwa kitambo kidogo, akaleta kibodi mpya kwa fedha zetu, akaichomeka. Nayo ikanyamaza vilevile. Ndipo akatoa hukumu: draiva zimeharibika, na hapana dawa ila kuifuta kompyuta yote na kuitia Windows upya. Nikamwuliza, "Na majina ya watoto?" Akanijibu, "Hayo yatakwenda, Maalim, isipokuwa kama una nakala." Sikuwa na nakala. Nikamwomba anipe muhula wa siku moja, naye akaniona mzee nisiyefahamu mambo, akakubali.

Jioni ile alikuja binti wa dada yangu, mtoto wa miaka 14, kuniletea barua ya mama yake. Akakaa penye kompyuta, akaweka kidole juu ya kitufe kimoja huku akizungumza nami, asikiondoe. Mara herufi ikatoka kwenye kioo. Akasema, "Mjomba, mbona inaandika? Inataka kukandamizwa tu." Akabonyeza nyingine akaishikilia kama sekunde moja, nayo ikatoka. Kumbe kibodi haikufa, wala draiva haikuharibika, wala chai haikumwagika.

Ipo katika Windows hali moja iitwayo Filter Keys. Iliwekwa kwa ajili ya watu ambao mikono yao hutetemeka, ili kompyuta isihesabu kila mguso wa bahati mbaya kuwa herufi. Basi huipuuza miguso ya haraka, na husikia tu kitufe kilichoshikiliwa. Ni rehema kubwa kwa mgonjwa wa namna ile. Lakini mlango wake wa kuingilia ni mwepesi mno: mtu akikishikilia kitufe cha Shift cha mkono wa kulia kwa sekunde nane, kompyuta hulia, kisha huuliza kama yataka hali hiyo iwashwe, na ukibonyeza Enter umeridhia. Hapo ndipo nilipokumbuka. Usiku wa kuamkia siku ile nililiweka daftari la mahudhurio juu ya kibodi nikaendelea na shughuli zangu. Nikasikia mlio. Nikalitoa daftari, nikaona kidirisha cha maneno kwenye kioo, nikabonyeza Enter ili kiondoke, nisisome hata neno moja. Ni mimi.

Tukakishikilia Shift cha kulia kwa sekunde nane tena, ikalia, na kibodi ikarudi kama siku zote. Ile kibodi mpya ingali katika sanduku lake, na fedha yake haikurudi.

Tangu siku ile nimejifunza mambo haya kwa kuuliza, kusoma na kujaribu, na nimeona yafaa niwaandikie wenzangu wenye nyumba na vijana wao, maana neno "draiva" limekuwa kisingizio cha kila jambo.

Kwanza tujue draiva ni nini. Ukibonyeza kitufe cha A, kibodi haipeleki herufi A. Haijui herufi. Inapeleka nambari tu; kwa kibodi za USB, kitufe cha A ni nambari 4, na cha Z ni nambari 29. Nambari hiyo hupokewa na programu ndogo ikaayo karibu sana na moyo wa kompyuta, ambayo kazi yake ni kujua lugha ya chombo hicho na kukifasiria Windows. Programu hiyo ndiyo draiva. Kisha Windows hutazama jedwali lake la herufi, iseme: nambari hii, kwa lugha iliyochaguliwa hivi sasa, ni herufi fulani. Kipanya nacho ni hivyohivyo: kompyuta hukiuliza, aghalabu mara 125 kwa sekunde, "Umesogea kiasi gani?", na draiva hugeuza jibu kuwa mwendo wa mshale.

Basi kati ya kidole chako na herufi iliyo kwenye kioo zipo daraja nyingi: kitufe, waya, tundu, draiva, jedwali la herufi, na hali kama ile ya Filter Keys. Daraja moja ikikatika, dalili ni ileile, ukimya. Na mwenye haraka huitupia lawama draiva kwa kuwa haionekani na haiwezi kujitetea.

Tena yafaa kujua kwamba kibodi na kipanya vya kawaida vya waya havina haja ya draiva ya kutafutwa popote. USB ilipotoka mwaka 1996 na kanuni zake kuenea, watengenezaji walikubaliana juu ya lugha moja ya vyombo vya mikono, na Windows huja na draiva za lugha hiyo ndani yake tangu siku ya kutiwa. Ndiyo maana ukinunua kipanya cha bei ndogo sokoni, ukakichomeka, kinakwenda baada ya nukta chache pasi na sahani wala maelezo. Draiva za ziada zahitajika kwa vitufe vya pekee tu, au vibao vya kugusa vya kompyuta za mpakato, au vyombo vya michezo. Likumbuke jambo hili, nitalirudia.

Sasa chombo kikinyamaza, mtu aanzie wapi? Aanzie mbali na draiva, aje polepole.

Tazama kitufe cha Caps Lock. Kibonyeze ukishikilie kidogo, uangalie taa yake. Taa ile haiwashwi na kibodi kwa hiari yake. Kompyuta ndiyo huiamuru iwake. Basi ikiwaka na kuzimika, ujumbe wako umefika na jibu limerudi: kitufe, waya, tundu na draiva vyote ni salama, nawe utafute kosa penye hali za kuandikia au penye programu uliyoifungua. Kwa kipanya hakuna dalili nzuri namna hii. Ile taa nyekundu chini ya tumbo lake yaonyesha tu kwamba umeme umefika, haionyeshi kwamba anasikilizwa.

Isipowaka, chomoa waya na uuchomeke katika tundu jingine, khasa la nyuma ya kompyuta, bila kupitia kigawanyio. Kisha peleka kibodi kwenye kompyuta ya jirani. Ikifanya kazi huko, kibodi haina kosa. Isipofanya, usiihangaishe Windows kwa dhambi isiyo yake. Kwetu pwani kuna chumvi ya hewa, unyevu na sisimizi, na nimeona tundu la USB lililoota kutu ya kijani hata waya haushiki. Kompyuta za zamani zenye matundu ya duara, la zambarau la kibodi na la kijani la kipanya, zina adabu yao: mtu aizime kwanza kompyuta ndipo achomeke, maana matundu hayo, yaliyoanza na kompyuta za IBM za mwaka 1987, hayakufanywa kwa kuchomekwa na kuchomolewa huku umeme ukipita.

Jaribio la tatu ndilo kata-shauri, nalo mafundi wengi hawalifanyi mbele ya mwenye mali. Zima kompyuta, iwashe, na kabla Windows haijaanza bonyeza mfululizo kitufe cha kuingilia mipangilio ya chini, ambacho kwa kompyuta nyingi ni F2 au Delete au F10. Huko Windows haijafika, wala draiva zake hazijafika. Kibodi ikikubali kukuingiza na kukutembeza huko, kisha ikafa Windows ianzapo, hapo ndipo una haki ya kuishuku draiva. Ikiwa imekufa hata huko, basi ni waya, tundu, au kibodi yenyewe.

Na unapozima, zima kwa njia ya kuanzisha upya. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukichagua kuzima, kompyuta huihifadhi sehemu ya moyo wake pamoja na draiva zake ili iwahi kuwaka kesho. Yaani hulala tu. Ukichagua kuanzisha upya, ndipo hujisafisha kweli. Watu huzima na kuwasha mara kumi wakistaajabu kwamba maradhi hayaondoki.

Yapo mambo mengine mawili ya namna ya Filter Keys, yanayojivika nguo za uharibifu ilhali si uharibifu. La kwanza ni Num Lock katika baadhi ya kompyuta za mpakato. Kibodi zake ni finyu, basi nambari zimefichwa ndani ya herufi. Num Lock ikiwashwa, J huandika 1, K huandika 2, L huandika 3, U huandika 4, na M huandika sifuri. Mwenye nyumba huandika neno lake la siri lililo sahihi, kompyuta ikalikataa, kwani herufi nusu zimegeuka nambari na yeye aona vitone tu. Nimemjua mama mmoja aliyeamini kwamba mwanawe amelibadilisha neno la siri, wakanuniana wiki nzima.

La pili latuhusu sisi zaidi kuliko watu wengi. Nyumba zetu nyingi zimetia katika kompyuta maandishi ya Kiarabu, kwa ajili ya masomo ya watoto. Basi kompyuta ina majedwali mawili ya herufi, na kubadilisha hili kwa lile ni kubonyeza Alt ya kushoto na Shift pamoja, au kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi. Vidole huteleza. Mtu akidhani anaandika A, kompyuta inaandika shin. Adhani S, inaandika sin. Adhani H, inaandika alif. Akiwa anaandika barua ataona mara moja. Akiwa anaandika neno la siri hataona kitu. Tazameni pembeni mwa kioo, chini kulia: pana herufi chache zinazotaja lugha iliyowashwa. Zitazameni kabla ya kumtuhumu mtoto yeyote.

Tukiisha kuyaondoa hayo yote, ndipo tuje kwenye draiva yenyewe, maana pia huharibika kweli. Mahali pake pa kuitazama paitwa Device Manager. Mwenye kipanya kilicho hai abonyeze kwa kitufe cha kulia juu ya alama ya Windows pembeni mwa kioo, atalikuta jina hilo. Mwenye kibodi hai lakini kipanya kilichokufa, abonyeze kitufe cha Windows pamoja na X, kisha M. Halafu atembee kwa vitufe vya mishale, na Shift pamoja na F10 vitamfungulia orodha ambayo angeifungua kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Anaweza hata kuifanya kibodi iwe kipanya: Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja, kisha Enter, na vile vitufe vya nambari vya upande wa kulia vitausukuma mshale, na 5 itakuwa ndiyo kubonyeza. Mwenye kipanya hai bila kibodi naye hakuachwa: katika ukurasa wa kuingilia, pembeni chini, pana alama ya huduma za walemavu, na ndani yake pana kibodi ya kioo, yenye kuandikwa kwa kubonyeza kipanya juu ya herufi moja baada ya moja. Ni kazi ya subira, lakini barua huandikika.

Katika Device Manager, chombo chenye ila huwekewa alama ya njano, na ukikifungua utaona nambari. Nambari hizo si mapambo. 22 ina maana chombo kimezimwa tu, kiwashwe. 28, draiva haikutiwa. 10, chombo kimekataa kuanza. Dawa ya kwanza kwa nyingi katika hizo ni moja, na huwatisha watu bure: chagua kukiondoa chombo, kisha anzisha kompyuta upya. Windows ikiamka itakiona kama mgeni aliyefika leo, na itampa draiva yake ya asili iliyonayo ghalani. Hakikisheni tu kwamba hamviondoi vyote viwili kwa pamoja, mkabaki bila njia ya kuianzisha upya kwa adabu. Na kama maradhi yalianza baada ya draiva mpya kuingia, mahali papo hapo pana kitufe cha kuirudisha ile ya kale.

Nambari 39, na wakati mwingine 19, zina hadithi yao. Kati ya draiva na Windows huweza kukaa programu nyingine, kama mtu aliyesimama mlangoni akisikiliza kila kipitacho: programu za kubadilisha vitufe, au za ulinzi. Hujiandikisha katika daftari kuu la Windows, mahali paitwapo UpperFilters. Mtu akiifuta programu hiyo kwa pupa, jina lake hubaki daftarini ilhali yeye mwenyewe hayupo. Windows humwita asiitike, basi hukataa kuifungua kibodi yote kwa ajili yake. Hapo si kibodi iliyoharibika, ni jina moja la ziada linalotakiwa kufutwa. Lakini tahadharini. Katika mstari uleule limo jina kbdclass, ambalo ndilo la draiva ya asili. Kwa kipanya ni mouclass. Mwenye kuufuta mstari wote kwa kufuata maneno ya mtu asiyemjua ataiua kibodi kabisa. Kazi hii mwachieni fundi mwenye ujuzi, tena asimame mtu wa nyumbani amtazame.

Wakati mwingine kosa si la mwenye nyumba wala la fundi, ni la watengenezaji wenyewe. Tarehe 13 Februari 1918 kompyuta hazikuwako. Lakini tarehe kama hiyo ya mwaka 2018 Microsoft walitoa masahihisho ya Windows 10, na baadhi ya watu waliamka kibodi na vipanya vyao vya USB vimekufa, hata vile vilivyojengewa ndani ya kompyuta za mpakato. Dawa ilitoka tarehe 5 Machi mwaka huo. Tena tarehe 14 Oktoba 2025, siku ileile ambayo msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma, masahihisho ya Windows 11 yaliziua kibodi na vipanya vya USB katika ule ukurasa wa kuokolea, ambao mtu huuendea pindi kompyuta yake ikishindwa kuamka. Yaani mlango wa dharura ukafungwa kwa ndani. Wenye kibodi za tundu la duara waliweza kupita, maana hizo hazikuguswa. Dawa ilitolewa tarehe 20 Oktoba. Tangu hapo sicheki tena nikiona mtu amehifadhi kibodi ya kale kabatini.

Na lipo kosa moja ambalo bado hutokea madukani. Kompyuta yaletwa, mwenyewe ataka Windows 7 kwa kuwa ameizoea. Kompyuta ni ya mwaka 2015 au baada yake. Fundi huanza kazi, kibodi yaitika vizuri mwanzoni, kisha afikapo ukurasa wa kuchagua lugha, kibodi na kipanya vyote hufa. Atabadilisha kibodi tatu, zote zitakufa. Sababu ni kwamba Windows 7 ilitoka mwaka 2009 bila draiva za USB 3 ndani yake, na kompyuta nyingi za miaka ile ya 2015 na kuendelea ziliondolewa namna ya zamani ya matundu hayo. Fundi ajuaye huzitia draiva hizo katika chombo cha kutilia Windows kabla hajaanza. Lakini lililo bora ni kutoitia kabisa, maana tangu tarehe 14 Januari 2020 Windows 7 imekoma kupata masahihisho ya kawaida ya ulinzi.

Wale wenye vyombo visivyo na waya wana mtihani wao mwingine. Betri kwanza, msitaabike kuitafuta draiva ya kipanya chenye njaa. Kisha kile kipokezi kidogo kichomekwacho nyuma ya kompyuta. Hicho huzungumza kwa mawimbi ya gigahezi 2.4, na watu wa Intel walionyesha mwaka 2012 kwamba matundu na nyaya za USB 3, zifanyapo kazi, hutoa kelele ya umeme papo hapo penye mawimbi hayo. Ndiyo maana kipanya hukwamakwama mtu anaponakili mafaili kwenda diski ya nje, kisha hupona nakala ikiisha. Sogezeni kipokezi mbali na diski kwa waya mfupi wa kurefushia, nacho kitatulia. Na kipanya kinacholala kila baada ya dakika chache, mara nyingi ni Windows inayokata umeme wa tundu ili kuweka akiba. Katika Device Manager, penye matundu ya USB, pana ruhusa hiyo, nayo yaweza kuondolewa.

Nilisema nitalirudia neno moja. Mkiandika katika intaneti kwamba kibodi imekufa, mtajibiwa na kurasa nyingi zenye kuwaahidi draiva mpya, au programu ya kuzitafuta draiva zote kwa mara moja. Ziacheni. Draiva hukaa karibu na moyo wa kompyuta na husikia kila mnachoandika, na barua zenu, na neno la siri la benki. Hata draiva za watu wenye majina huteleza: mwezi Mei 2017 ilibainika kwamba draiva ya sauti iliyotiwa katika baadhi ya kompyuta za mpakato za HP ilikuwa ikiandika kila kitufe kilichobonyezwa katika faili lililo wazi, na iliwapasa kuirekebisha. Ikiwa hilo laweza kutoka kwa mtengenezaji ajulikanaye, msemeje juu ya mtu asiyejulikana alipo? Atakaye draiva aichukue katika masahihisho ya Windows yenyewe au katika ukurasa wa aliyeitengeneza kompyuta, basi. Kadhalika msichomeke kila kijiti cha USB mkiokotacho. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Kijerumani, Karsten Nohl na Jakob Lell, walionyesha mbele ya watu kwamba kijiti cha kuhifadhia mafaili chaweza kubadilishwa ndani yake kikajitangaza kwa kompyuta kuwa kibodi, kisha kikaandika amri chenyewe. Na kompyuta humwamini kila ajitajaye kuwa kibodi, haimwombi shahidi.

Limebaki suala la kufuta. Kibodi ikifa, mafaili hayafi. Yako palepale katika diski, hayakuguswa. Hata kompyuta yote ikikataa kuwaka, diski huweza kutolewa ikafungwa katika kompyuta nyingine, na kila kilichomo kikanakiliwa. Kazi hiyo, kwa diski isiyo na ila, ni ya saa moja au mbili. Kwa hivyo fundi akisema ni lazima kufuta, jibu ni moja: nakili kwanza, nione nakala kwa macho yangu, ndipo ufute. Fundi mwema hataudhika. Wa kwetu hakuudhika. Nilipomweleza habari ya Filter Keys alikaa kimya, kisha akaniomba nimwonyeshe ile Shift, akaishikilia mwenyewe akihesabu mpaka nane.

Siku ya nne nilikwenda nyumbani kwa yule kijana baada ya alasiri. Nilimkuta na baba yake barazani. Nikaeleza mbele ya baba yake kama nilivyomtuhumu mbele ya wenzake, na kesho yake nikaeleza tena darasani. Hakusema mengi. Aliporudi penye kompyuta aliniuliza jambo moja tu, kama yale majina 140 yamekwisha kunakiliwa. Nikamwambia bado. Akatoa kijiti chake mfukoni, kile nilichokijua kwa kuwa nilimnunulia mimi, akakaa akanakili. Sasa hufanya hivyo kila Alhamisi kabla hajafunga mlango, na daftari la mahudhurio tumelipatia msumari wake ukutani.